Kunamua Bila Daftari

Wasikilizaji wa nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, hawahitaji kuelezwa bao ni nini. Katika kata ya Busunzu, wilaya ya Kibondo, kama ilivyo katika kata nyingi za Tanzania, kazi za shamba zikishapungua na jua likianza kupoa, watu huuzunguka ubao. Ubao ukikosekana, mashimo huchimbwa ardhini na kokoto huwa kete. Wapita njia husimama kutazama, na anayesimama hachukui muda kabla hajaanza kushauri. Atauliza nani anaongoza, nani kala nyumba ya mwenzake, nani kabakiwa na kete ngapi mkononi. Swali moja haliulizwi kamwe: mchezo huu ulifunguliwaje?

Mazungumzo ya leo yanahusu swali hilo. Mwanzo wa mchezo wa bao, ule wakati wa kunamua, ni elimu kubwa kuliko inavyodhaniwa, na elimu hiyo inapotea kila siku kwa sababu hakuna anayeiandika.

Tuanze na jirani wa mbali wa bao, sataranji, ambayo vijana wa mjini wanaiita chesi. Ubao wa sataranji una vyumba 64 na vitu 32. Bao, kinyume chake, lina mashimo 32 na kete 64. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye mwanzo. Katika sataranji jeshi zima limeshapangwa kabla ya hatua ya kwanza: wafalme, malkia, farasi, ngome, askari, kila mmoja yuko mahali pake. Katika bao la Kiswahili, kwa kanuni wanazozifuata mafundi wa Unguja, mchezo unaanza kete 20 tu zikiwa ubaoni, 10 kila upande. Nyingine 44 zimo mikononi mwa wachezaji, kila mtu 22, na zinaingia moja moja, zamu kwa zamu; huko ndiko kunamua. Mwenye haraka anaweza kuona kwamba zamu hizo ni za kujaza mashimo tu. Hasha. Ndani ya zamu hizo 44 watu hula, hunyang'anywa nyumba, na mara nyingine hufungwa kabisa, kete zingine zikiwa bado hazijagusa ubao.

Mwenye ubao karibu auweke mbele yake. Asiye nao achore mashimo chini. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake, safu ya mbele inayotazamana na adui na safu ya nyuma iliyo karibu na magoti yake. Kila safu ina mashimo manane. Tuyahesabu mashimo ya mbele kuanzia mkono wa kushoto wa mwenyewe, la 1 hadi la 8. Shimo la 5 ndilo nyumba, na kwenye mbao nyingi huchongwa kwa pembe nne ili lijulikane. Weka kete 6 ndani ya nyumba, 2 katika shimo la 6, na 2 katika shimo la 7. Mpinzani naye afanye vivyo hivyo, akihesabu kutoka kushoto kwake mwenyewe. Kwa kuwa wachezaji wanatazamana, nyumba ya huyu haitazamani na nyumba ya yule. Nyumba ya mmoja inakabiliana na shimo la 4 la mwenzake, na shimo hilo mwanzoni ni tupu.

Mchezaji anayeanza tumwite Kusini, na mpinzani wake Kaskazini.

Hapo ndipo uzuri wa mpango wa wazee unapoonekana. Kula kunahitaji shimo lako lenye kete likabiliane na shimo la adui lenye kete. Mwanzoni hakuna shimo hata moja lililo hivyo. Anayeanza hawezi kula chochote. Analazimika kutakasa, yaani kuongeza kete moja katika shimo lake lenye kete, kuzizoa zote, na kuzipanda moja moja kulia au kushoto. Nyumba yenye kete 6 au zaidi haitumiki kutakasa maadamu kuna shimo jingine. Basi Kusini anabaki na mashimo mawili ya kuchagua, la 6 na la 7, na pande mbili za kupanda. Jumla ni njia nne tu za kufungua mchezo. Katika sataranji mwenye kuanza ana njia 20: hatua 16 za askari na 4 za farasi. Mtu atasema kumbe bao ni rahisi. Azifuate kwanza hizo njia nne aone zinakompeleka.

Njia mbili ni za kimya. Kusini akipanda kuelekea kulia, kutoka shimo la 6 au la 7, kete zake zinakwenda pembeni na kuzungukia safu ya nyuma. Hakuna kinachokabiliana na kitu. Kaskazini naye hana cha kula, naye atatakasa. Ni ufunguzi wa mtu mwenye subira, anayetaka kwanza kumwona mwenzake anaelekea wapi.

Njia mbili zilizobaki ni za kelele. Tuitazame moja kwa karibu. Kusini anaweka kete yake ya kwanza katika shimo la 6, zinakuwa tatu. Anazizoa na kuzipanda kushoto: moja nyumbani, ambamo sasa mna 7, moja katika shimo la 4, moja katika shimo la 3. Ya mwisho imeangukia shimo tupu, zamu imelala. Ubao sasa umechangamka. Ile kete pekee ya shimo la 4 inaitazama nyumba ya Kaskazini uso kwa uso. Ile ya shimo la 3 inalitazama shimo la 6 la Kaskazini lenye kete 2.

Zamu ni ya Kaskazini, na sheria inamlazimisha ale, kwa sababu cha kula kipo. Anayo milo miwili ya kuchagua, na yote miwili inampa kete moja tu. Mchezaji mgeni huona ni mamoja. Tuseme anatumia shimo lake la 6: anaongeza kete, anaila ile ya Kusini iliyo katika shimo la 3, anaipanda kichwani, yaani kwenye shimo la pembeni kabisa la safu ya mbele, nayo inalala. Ameshiba kete moja. Lakini ameiacha ile ya shimo la 4 hai. Kusini anaongeza kete yake ya pili hapo hapo na kuila nyumba nzima ya Kaskazini, kete 6 kwa mkupuo. Kete sita hizo atazipanda kutoka kichwa chochote atakacho, cha kushoto au cha kulia; kwa vyovyote ya mwisho inaangukia shimo tupu, lakini safu yake ya mbele imejaa. Hesabu ubao sasa: Kusini ana kete 17, Kaskazini ana 6. Zimeingia kete tatu tu kati ya 44, na mtu mmoja hana tena nyumba.

Sataranji ina mtego unaofanana na huo, unaowamaliza wanafunzi wa wiki ya kwanza: malkia na askofu wanamlenga askari mmoja aliye kando ya mfalme, na katika hatua ya nne mchezo umekwisha. Kila mtoto aliyefundishwa sataranji darasani anaujua mtego huo, kwa sababu umo katika kila kitabu cha kujifunzia. Huu wa bao mtoto wa Busunzu ataujua siku atakapoumia nao.

Kaskazini mwenye akili hula kwa nyumba. Anaweka kete katika nyumba yake, inakuwa na 7, anaila ile kete ya shimo la 4 na kuipanda kichwani. Nyumba imeokoka. Ila Kusini bado ana kete yake katika shimo la 3, na sasa yeye ndiye anayelazimishwa kula: analiendea shimo la 6 la Kaskazini na kuzoa kete 2. Hapa hana uchaguzi wa chakula. Uchaguzi wake ni kichwa. Akipanda kutoka kichwa cha kushoto, kete zinalala katika mashimo ya 1 na ya 2, na zamu imekwisha. Akipanda kutoka kulia, kete ya pili inaangukia shimo la 7 ambamo mlikuwa na 2. Sasa ni 3, na mbele yake kwa adui hakuna kitu, kwa hiyo anazizoa na kuendelea: moja shimo la 6, moja nyumbani inayofikia 8, moja shimo la 4, tupu, amelala. Na shimo la 4, msikilizaji anakumbuka, linaitazama nyumba ya Kaskazini. Tishio limerudi pale pale, na Kaskazini atalazimika kushughulika nalo tena. Haya yote yametokea Kusini akiwa na kete 20 mkononi na Kaskazini 21.

Atakayesema bao ni mchezo wa bahati au wa kupoteza muda na aicheze zamu hiyo ya pili ya Kaskazini bila kupepesa macho.

Mambo ya nyumba ndiyo kiini cha kunamua kote. Wakati wa kula, kete ya mwisho ikiangukia nyumbani kwako na mbele yake hakuna cha kula, una hiari: kulala hapo na kuiacha nyumba inenepe, au kusafiri, yaani kuizoa yote na kuipanda. Ukisafiri mara moja, nyumba hairudi. Lile shimo linabaki kuwa shimo kama mengine. Ndiyo maana wachezaji hutofautiana kwa tabia hata kabla hawajatofautiana kwa ujuzi. Yupo anayeilea nyumba yake hadi ifike kete kumi na kitu, akingojea siku ya kuzizungusha ubao mzima. Yupo anayeivunja mapema ili asiwe na mzigo wa kuulinda. Kila tabia ina adhabu yake. Nyumba nono ni mlo mnono ikikamatwa, na nyumba iliyovunjwa mapema inamwacha mwenyewe bila akiba wakati kete za mkononi zinapokwisha na mtaji kuanza, ile sehemu ya pili ambamo kila mtu hucheza kwa kete zilizokwisha kuwamo ubaoni tu. Mshindi ni anayeimaliza safu ya mbele ya mwenzake au kumwacha hana hatua ya kucheza. Akifanya hivyo kete zikiwa bado mkononi, kijiwe kizima hupiga kelele.

Kanuni hizi hazifanani kila mahali. Bara wapo wengi wanaoanza kwa kete mbili mbili katika kila shimo, bila nyumba na bila akiba ya mkononi. Huko mtaji huanza papo hapo, na ndiko watoto wanakojifunzia kula na kuhesabu. Majirani wa Kigoma wana michezo ya ukoo huo huo. Wanyarwanda wana igisoro na Warundi wana ikibuguzo, yote ikiwa ya safu nne za mashimo manane na kete 64. Uganda kuna omweso, na mwanzo wake unapendeza kuufikiria: kila mchezaji hupewa kete 32, nne nne katika safu yake ya nyuma, kisha kabla ya mchezo wa kweli huzipanga upya upande wake anavyotaka. Kwa mchezaji wa omweso ufunguzi ni ule mpango. Anaficha nia yake katika namna alivyozirundika kete, na mwenzake naye anapanga ya kwake. Mkoa wa Kigoma, ambao kwa miongo mingi umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, katika kambi kama Nduta huko Kibondo na Nyarugusu huko Kasulu, umewakutanisha watu waliokulia namna tofauti za kufungua mchezo mmoja. Ni utajiri ambao mji mkubwa hauna.

Sasa lile la daftari.

Mwaka 1497 huko Salamanca, Hispania, Luis Ramírez de Lucena alichapisha kitabu cha sataranji, ndicho cha zamani zaidi kati ya vilivyochapwa kuhusu mchezo huo wa kisasa na vikabaki hadi leo. Mwaka 1561 padri Mhispania, Ruy López de Segura, alichapisha chake, akazichambua namna za kuanza mchezo. Ufunguzi mmoja alioutetea, wa kumtoa askofu hadi safu ya tano kumbana farasi wa adui, bado unachezwa na mabingwa wa dunia na bado unaitwa kwa jina lake. Padri huyo amekufa karne nne na zaidi zilizopita. Hatua zake zingali mezani. Katika karne ya 20 wahariri wa Belgrade waligawa funguzi zote za sataranji katika vifungu 500 vyenye herufi na namba, kuanzia A00 hadi E99, hata mtu wa Kampala na mtu wa Moscow waweze kutajiana kifungu na kuelewana bila kujua lugha ya mwenzake.

Mfano wa karibu zaidi uko Uganda. Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, alifundishwa sataranji na Robert Katende katika mradi wa watoto maskini. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 huko Istanbul, Uturuki. Baadaye kikaandikwa kitabu juu yake na mwaka 2016 ikatoka filamu iliyoongozwa na Mira Nair. Watu huikumbuka filamu. Kuna jambo jingine lenye uzito sawa: kanuni za mashindano hayo zinamtaka kila mchezaji aandike kila hatua, yake na ya mpinzani, kwenye karatasi. Binti aliyetoka Katwe alipoketi mezani Istanbul, alichokifungua kiliandikwa kama kinavyoandikwa cha bingwa wa dunia. Mtoto wa Kibondo anayejifunza leo anaweza kujifunza kutokana na mashindano yale, kosa kwa kosa. Fundi wa bao aliyeshinda jana Busunzu kwa ufunguzi ambao hakuna aliyewahi kuuona, hatakuwa na cha kumwonyesha mjukuu wake isipokuwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya bao huchanganyikana na ya mchezo unaofuata kabla chai haijapoa.

Haisemwi kwamba bao halijaandikwa kabisa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi mkubwa wa karne ya 19, alilitungia shairi. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mafundi wa Unguja, akautafiti ustadi wao, na mwaka 1995 akatoa kitabu katika Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu mipaka ya akili ya fundi wa bao. Ni kazi ya heshima. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza, na mafundi wengi wa bao hawawezi kuisoma.

Nyumbani kwetu bao linapewa nafasi, ila nafasi ya matokeo tu. Katika michezo ya SHIMIWI, inayowakutanisha watumishi wa wizara, idara na mikoa, bao lipo pamoja na karata na drafti. Magazeti hutoa habari: wizara fulani imetwaa ubingwa wa bao. Hapo habari imekwisha. Kwenye mpira wa miguu msomaji angeelezwa dakika ya bao, nani alitoa pasi, beki yupi aliteleza. Kwenye bao la kete haelezwi hata kama bingwa alishinda wakati wa kunamua au baada ya mtaji kuanza. Mwalimu Julius Nyerere alilipenda bao, na zipo picha zinazomwonyesha ameuinamia ubao. Picha inaonyesha kete zilipo. Haionyeshi zilifikaje pale, na hapo ndipo penye mchezo wenyewe.

Wapo watakaosema kuandika kutaharibu, kwamba bao ni la moyoni na la mdomoni, kijiwe chenye kalamu kitanyamaza. Hofu hiyo inaeleweka na inastahili jibu. Sataranji haikunyamaza kwa kuandikwa. Vijana wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wanaibishania kwa kelele ile ile, na ubishi wao umeongezeka kwa sababu kuna ushahidi wa kubishania. Bao nalo likiandikwa, mtu akidai babu yake aliwahi kuila nyumba kwa kete ya tatu, karatasi itatolewa. Zaidi ya hapo, mafundi wenyewe wanaumia kwa ukimya huu. Fundi anapofariki, wanafunzi wake wachache wanabaki na vipande vya ufunguzi wake, na baada ya kizazi kimoja vipande hivyo havina mwenyewe.

Kompyuta nazo zimeshaanza kuingia katika jambo hili, na wengine wanasonga mbele. De Voogt na wenzake wa Maastricht, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wa mchezo wa dakon, ndugu wa bao wa Asia. Walionyesha kwamba anayeanza anaweza kupata ufunguzi unaoendelea na kuendelea ndani ya zamu moja hadi ameshinda, mpinzani wake asipate hata nafasi ya kugusa kete. Kilichovutia ni kwamba funguzi za namna hiyo binadamu walizigundua wenyewe, si mashine tu. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliutatua mchezo wa awari wa Afrika Magharibi: kompyuta zao zilipitia hali zaidi ya bilioni 889 za mchezo huo na kutoa hukumu kwamba, wote wawili wakicheza bila kosa, ni sare. Mwaka huo huo Donkers na Uiterwijk walieleza jinsi ya kuifundisha kompyuta bao, na ugumu wake, maana zamu moja ya bao inaweza kuzunguka na kuzunguka kabla haijalala. Bao la Kiswahili ni gumu zaidi ya hiyo awari. Itakuwa aibu hukumu yake ikitolewa siku moja Ulaya bila mchezo hata mmoja wa Kibondo kuwamo katika mizani.

Kuandika bao si kazi ya wasomi. Safu ya mbele iitwe M, ya nyuma iitwe N, mashimo yahesabiwe 1 hadi 8 kutoka kushoto kwa mchezaji mwenyewe. Ule mchezo tuliouona unaandikika hivi: Kusini, M6 kushoto. Kaskazini, M5 anakula, kichwa cha kulia. Kusini, M3 anakula, kichwa cha kulia. Nyumba ikisafiri, iongezwe herufi S, ikilala, L. Hakuna haja ya kuandika kete zilikopita, kwa sababu kanuni zinazipeleka zenyewe. Aliye na mwanzo na upande anaweza kuucheza mchezo wote tena. Zamu 22 za kila upande zinaenea katika ukurasa mmoja wa daftari la shule, safu mbili, Kusini kushoto na Kaskazini kulia. Mwandishi awe mtu wa tatu, asiyecheza, na asiyeruhusiwa kushauri. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza, na akifanya hivyo jioni chache atajikuta anajua kufungua bao kuliko shangazi na wajomba zake.

Na jambo hili linafaa redio kuliko chombo kingine chochote. Mchezo ulioandikwa hivyo unasomeka hewani. Mtangazaji anataja shimo na upande, msikilizaji wa Busunzu anasogeza kete zake, wa Kakonko anasogeza zake, wa Kasulu naye. Kabla ya kutaja jibu la Kaskazini, mtangazaji ananyamaza kidogo ili kila kijiwe kibishane, kisha anataja.

Kuna swali moja ambalo madaftari hayo yatalijibu bila mtu kupandisha sauti. Katika sataranji, kwa kuwa michezo mingi mno imeandikwa, inajulikana kwamba mwenye vitu vyeupe, anayeanza, hujikusanyia kama asilimia 54 hadi 56 ya pointi zote. Faida ya kuanza ipo, na ni ndogo. Katika bao la nyumba, anayeanza hawezi kula, ana njia nne tu, na akichagua ya kelele anampa mpinzani wake mlo wa kwanza. Je, kuanza ni faida au ni hasara? Mafundi wanajibu kila mmoja kivyake, kwa uhakika mkubwa. Michezo 100 iandikwe msimu huu wa kiangazi kati ya Kibondo na Kasulu, nusu yake ikifunguliwa kwa njia za kimya na nusu kwa za kelele, washindi wahesabiwe.